Maneno manne yaliyowaangusha wafanyakazi 74

Kuna sentensi moja ambayo siku hizi kila serikali ikisaini mkataba wa biashara huigawa kwa waandishi wa habari kama peremende: "Mkataba huu unalinda haki za wafanyakazi na mazingira." Tunaiandika, mhariri anaipitisha, kesho yake ipo kwenye ukurasa wa biashara kati ya bei ya dola na tangazo la benki. Leo nataka kuifuatilia sentensi hiyo hadi mahali ambapo kuna watu waliichukulia kwa uzito, wakaidai mbele ya waamuzi. Mahali penyewe ni Guatemala, na ilichukua miaka tisa.

Guatemala ni nchi ya Amerika ya Kati. Inauza kahawa, ndizi, sukari na nguo zinazoshonwa viwandani kwa ajili ya maduka ya Marekani. Agosti 2004 ilisaini mkataba wa biashara huria na Marekani, pamoja na El Salvador, Honduras, Nikaragua, Kosta Rika na Jamhuri ya Dominika. Mkataba huo unajulikana kwa kifupi kama CAFTA-DR. Kule Washington kura ya Julai 2005 ilikuwa kasheshe: ilipigwa usiku, ikaachwa wazi karibu saa nzima huku viongozi wakiwabembeleza wabunge mmoja mmoja, na mwisho ikapita kwa 217 dhidi ya 215. Katika kubembeleza huko, sura ya 16 ya mkataba ilikuwa na kazi kubwa. Ndiyo sura ya wafanyakazi.

Ukiisoma sura hiyo harakaharaka unaweza kupiga makofi. Inataja haki ya kujiunga na vyama, inakataza kazi za kulazimishwa, inagusa ajira ya watoto. Lakini soma taratibu. Katika ahadi zote hizo ni moja tu inayoweza kupelekwa mbele ya waamuzi: nchi isishindwe kutekeleza sheria zake yenyewe za kazi, kwa vitendo au kutotenda kunakoendelea au kujirudia, "kwa namna inayoathiri biashara" kati ya nchi zilizosaini. Ukiyaweka kwa Kiswahili ni maneno manne tu. Na hata nchi ikishindwa, faini ina kikomo cha dola milioni 15 kwa mwaka, na fedha zenyewe zinaingia kwenye mfuko wa kurekebisha mambo ya kazi katika nchi hiyohiyo iliyokosea. (Hilo la mwisho mimi silioni baya. Wengine hulicheka.)

Guatemala ilianza kuutumia mkataba Julai 1, 2006. Januari 15, 2007, Pedro Zamora, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa bandari ya Puerto Quetzal, alipigwa risasi na kuuawa akiwa ndani ya gari na wanawe. Chama chake kilikuwa katika mgogoro mkali na uongozi wa bandari. Ukitaka kujua kwa nini watu wa kule walikuwa na haraka ya kujaribu sheria mpya, anzia hapo. Kudai mkataba wa hali bora nchini humo lilikuwa jambo la kumfanya mtu aage nyumbani vizuri kila asubuhi.

Aprili 2008, vyama sita vya wafanyakazi vya Guatemala pamoja na shirikisho kubwa la vyama vya Marekani, AFL-CIO, vilipeleka malalamiko kwa Wizara ya Kazi ya Marekani. Angalia njia yenyewe ilivyo. Mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri wake chini ya mkataba wa biashara, na chama hakiwezi kuishtaki serikali. Kinachowezekana ni kuiomba serikali moja iishtaki nyingine. Marekani ilisoma, ikachunguza, ikaandika barua. Mazungumzo rasmi yakaombwa Julai 2010. Jopo la waamuzi likaombwa Agosti 2011. Mwaka 2013 nchi mbili zikakubaliana mpango wa utekelezaji wenye vipengele 18, kesi ikawekwa kando kuupa nafasi. Mpango haukuleta kilichotarajiwa, na Septemba 2014 kesi ikafufuliwa. Hukumu ikatoka Juni 2017.

Nimeisoma hukumu hiyo kwa awamu, usiku usiku, na nakiri ni ndefu kupindukia. Lakini ndani yake kuna watu. Kuna makuli wa bandarini na mafundi cherehani waliofukuzwa kwa sababu walijaribu kuanzisha chama. Walikwenda mahakamani nchini mwao, wakashinda. Mahakama zikaamuru warudishwe kazini na walipwe mishahara yao. Waajiri wakazikunja amri hizo na kuziweka mfukoni, na serikali haikufanya lolote la maana kuwalazimisha.

Mashahidi wengi waliogopa kujulikana, hivyo maelezo yao yaliletwa majina yakiwa yamefutwa. Guatemala ikalalamika kwamba haiwezi kujibu tuhuma za watu wasio na majina. Kisheria hoja hiyo ina uzito wake. Ila fikiria upande wa pili: ushahidi unaohitajika ni wa watu wanaoogopa, na kinachowaogopesha ndicho kesi inachokilalamikia.

Jopo la watu watatu, chini ya mwenyekiti Kevin Banks kutoka Kanada, lilikubali kwamba Guatemala ilishindwa kutekeleza sheria zake. Lilihesabu kabisa: sehemu nane za kazi, wafanyakazi 74. Mpaka hapo ungesema kesi imekwisha. Ndipo yakaja yale maneno manne. Ili kosa liwe limetendeka "kwa namna inayoathiri biashara", jopo lilisema lazima ionyeshwe kwamba mwajiri aliyefanya biashara kati ya nchi hizo alipata faida fulani ya ushindani kutokana na sheria kutotekelezwa. Je, kampuni ya kupakua mizigo bandarini iliokoa kiasi gani kwa kuwafukuza wanachama wa chama? Je, akiba hiyo ilipunguza bei ya kitu gani kilichokwenda Marekani? Marekani haikuweza kuonyesha hivyo isipokuwa kwa mwajiri mmoja. Na mwajiri mmoja hakutosha kuwa mwenendo "unaoendelea au kujirudia". Guatemala ikashinda kesi.

Sina shaka na uadilifu wa wale watatu. Walisoma walichopewa. Swali langu ni nani aliyayaweka maneno yale pale, na kwa nini, kwa sababu majibu yake yanatugusa na sisi wa huku.

Turudi nyuma. Vita Kuu ya Pili ilipoisha, mataifa yalikaa Havana, Cuba, na Machi 1948 nchi 53 zikasaini mkataba wa kuunda shirika la kimataifa la biashara. Ibara yake ya 7 ilitamka wazi kwamba mazingira mabaya ya kazi, hasa katika uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, yanaleta matatizo katika biashara ya kimataifa na kila nchi ichukue hatua kuyaondoa. Bunge la Marekani halikuupitisha, na mwishoni mwa 1950 serikali ya Truman ikaacha kuusukuma. Ukafa. Kilichobaki ni GATT ya 1947, na ndani ya GATT kazi inatajwa karibu mahali pamoja tu, ibara ya 20, panaporuhusu nchi kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na wafungwa. Yaani kwa takriban nusu karne, binadamu pekee anayefanya kazi aliyeonekana na sheria kuu ya biashara duniani alikuwa yule aliye gerezani.

Shirika la Biashara Duniani lilipoanza, nchi tajiri zilijaribu kulirudisha suala hilo. Kwenye mkutano wa mawaziri wa Singapore, Desemba 1996, nchi zinazoendelea zilikataa. Walikubaliana kwamba mambo ya viwango vya kazi yapelekwe Shirika la Kazi Duniani, na kwamba viwango hivyo visitumike kama kisingizio cha kulinda masoko. Seattle, mwaka 1999, Rais Clinton alitamka kwenye mahojiano kwamba siku moja viwango hivyo viambatane na vikwazo vya kibiashara. Wajumbe wa nchi maskini wakaja juu, na mkutano ule, uliokuwa umeshazingirwa na waandamanaji na moshi wa mabomu ya machozi, ukavunjika bila makubaliano.

Vijana wengi wa kizazi changu wakisikia habari hizi husema, "Kwa nini viongozi wetu walikataa haki za wafanyakazi?" Si haki kuwahukumu hivyo. Anayeogopa kwamba maadili yatatumika kama kufuli la soko haogopi kivuli. Na sisi watu wa pwani tuna kumbukumbu ndefu kuliko wengi. Waingereza walisaini na Seyyid Said mkataba wa 1822 wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1839 wakasaini naye mkataba wa biashara. Mwaka 1845 ukaja mwingine, wa kuzuia watumwa wasisafirishwe nje ya milki yake ya Afrika. Biashara ya watumwa iliendelea, jahazi kwa jahazi, hadi Juni 5, 1873, Sultani Barghash alipotia saini ya kufunga soko la Zanzibar huku akitishiwa kwamba manowari za Kiingereza zitakizingira kisiwa. Kanisa la Mkunazini lilijengwa palepale soko lilipokuwa. Kilichokomeshwa kilikuwa uovu mtupu, hilo halina mjadala. Lakini kumbuka pia kwamba kabla karne ile haijaisha, dola iliyoleta masharti hayo mema ndiyo iliyokuwa inatawala. Mwafrika anayeusoma mkataba wenye masharti mema kwa jicho la pembeni ana sababu.

Basi Marekani ilipoona mlango wa dunia nzima umefungwa, ikaanza kuweka masharti hayo kwenye mikataba ya nchi chache chache. Mkataba wa Amerika Kaskazini, NAFTA, ulioanza Januari 1, 1994, ulikuwa na makubaliano ya kazi ya pembeni. Malalamiko mengi yalifunguliwa chini yake na hakuna hata moja lililofika kwenye adhabu. Mkataba na Jordan wa mwaka 2000 uliingiza kazi ndani ya mkataba wenyewe, na humo yamo maneno yaleyale: "kwa namna inayoathiri biashara". Mantiki yake inaeleweka. Ni namna ya kusema, hatuingilii mambo yenu ya ndani, tunaangalia yanayovuka mpaka tu. Maneno yaliyowekwa kuituliza nchi dhaifu ndiyo yaliyokuja kuwakosesha haki watu dhaifu wa nchi hiyo. Hapo ndipo ninapopaona kiini cha historia hii nzima. Uzuri wa ahadi si kitu. Angalia nani amebebeshwa mzigo wa kuthibitisha, na anapaswa kuthibitisha nini.

Upande wa mazingira, kesi ninayoipenda ni ya Peru, na ina damu. Mkataba wa Peru na Marekani, ulioanza Februari 1, 2009, una kiambatisho maalumu cha misitu. Peru iliahidi kuwa na chombo huru cha kukagua uvunaji, na Marekani ikapewa uwezo wa kuomba shehena fulani ya mbao ichunguzwe hadi msituni ilikokatwa. Kwa mara ya kwanza mkataba wa biashara ukaanza kuongea lugha ya magogo, vibali na visiki.

Sasa ona kilichotokea kabla hata wino haujakauka. Serikali ya Alan García ilipewa na bunge mamlaka ya kutunga sheria kwa amri ili kuutekeleza mkataba huo. Katika fungu la amri za mwaka 2008, zimo zilizolegeza ulinzi wa misitu na ardhi za wenyeji wa Amazoni. Waawajún na Wawampis wakafunga barabara karibu na mji wa Bagua, mahali panapoitwa Kona ya Shetani. Juni 5, 2009 polisi walikwenda kuwaondoa. Jioni ilipofika na siku iliyofuata, waliokufa walikuwa 33: polisi 23 na raia 10. Bunge likafuta amri mbili kati ya zile ndani ya wiki mbili. Mkataba uliosifiwa kwa kulinda msitu ulikuwa umetumika kama ufunguo wa kuufungua.

Hata hivyo kile chombo cha ukaguzi, OSINFOR, kilisimama, na kikafanya kazi. Mwaka 2015 wakaguzi wake walifuatilia mbao zilizokuwa kwenye meli Yacu Kallpa, iliyokuwa ikitoka Iquitos kwenda Houston. Walikwenda msituni na karatasi mkononi kutafuta miti iliyoandikwa kuwa imekatwa. Sehemu nyingine hapakuwa na kisiki. Magogo yalikuwa yametakatishwa kama fedha haramu zinavyotakatishwa, kwa vibali vya miti isiyokuwepo. Mkuu wa OSINFOR, Rolando Navarro, aliondolewa kazini Januari 2016, na kwa vitisho alivyovipata akaikimbia nchi. Lakini Oktoba 2017 Marekani ilimfungia soko mmoja wa wauzaji wa mbao zile. Na Desemba 2018 Peru ilipokichukua chombo kile na kukiweka chini ya Wizara ya Mazingira, Marekani iliomba mashauriano rasmi chini ya sura ya mazingira mwanzoni mwa 2019. Aprili mwaka huohuo Peru ikakirudishia uhuru wake. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba bei ya mbao imeathirika. Kulikuwa na shehena, kibali, na kisiki ambacho hakipo.

Wabunge wa Marekani walioisoma hukumu ya Guatemala hawakuisahau. NAFTA ilipofumuliwa na kuandikwa upya, Desemba 2019 waligoma kuupitisha mkataba mpya hadi mambo mawili yabadilishwe. Kwanza, maneno manne yalibaki, ila ikaongezwa tanbihi kwamba jopo litachukulia kuwa kosa limeathiri biashara mpaka anayeshtakiwa athibitishe vinginevyo. Mzigo ukahamia upande wa pili. Pili, ukawekwa utaratibu wa haraka unaolenga kiwanda kimoja kimoja, wenye siku za kuhesabika.

Mkataba ulianza Julai 1, 2020. Mei 12, 2021 utaratibu wa haraka ulitumika kwa mara ya kwanza, dhidi ya kiwanda cha magari cha General Motors mjini Silao, Meksiko. Meksiko imekuwa na ugonjwa wake wa miaka mingi: mwajiri anasaini mkataba wa hali bora na chama alichokichagua mwenyewe, wafanyakazi wakiwa hawajui hata kiongozi wao ni nani. Sheria mpya ya 2019 iliwapa haki ya kuupigia kura mkataba huo. Silao ilipopiga kura Aprili 2021, zoezi lilisimamishwa baada ya wakaguzi kukuta karatasi za kura zimeharibiwa mikononi mwa chama cha zamani. Miezi mitatu tu baada ya Marekani kuingilia, Agosti 17 na 18, kura ikarudiwa mbele ya wasimamizi. Waliokataa mkataba wa zamani walikuwa 3,214, waliokubali 2,623. Februari 2022 chama kipya huru, SINTTIA, kikashinda kwa kura 4,192.

Miaka tisa kwa Guatemala, miezi mitatu kwa Silao. Sheria za kazi zilizovunjwa zinafanana sana.

Nisipake rangi, lakini. Utaratibu ule wa haraka ni wa upande mmoja kimtindo. Kiwanda cha Marekani kinaweza kuguswa tu kama tayari kuna amri ya chombo chao cha mahusiano kazini dhidi yake. Cha Meksiko hakihitaji hivyo. Nani ameona mkataba ambao mwenye soko kubwa amejiandikia masharti magumu?

Ulaya wamepita njia nyingine. Waliishtaki Korea Kusini kwa kutoheshimu uhuru wa vyama vya wafanyakazi, na Januari 2021 jopo likasema kitu ambacho watu 74 wa Guatemala wangekitamani: ahadi ya kuheshimu haki hizo inasimama yenyewe, haihitaji kuthibitisha kwamba biashara imeathirika. Adhabu haikuwepo kwenye mkataba ule. Hata hivyo Aprili 2021 Korea iliweka saini za kuridhia mikataba mitatu ya Shirika la Kazi Duniani, ukiwemo wa namba 87, unaolinda uhuru wa kujiunga na vyama.

Naitaja namba 87 makusudi. Kenya ilisaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya mjini Nairobi, Desemba 18, 2023, na ukaanza kutumika Julai 1, 2024. Una sehemu ya kazi na mazingira, na ile sentensi ya peremende niliisikia tena siku ya kusaini. Tanzania, ambayo ilijitoa kwenye safari hiyo mwaka 2016 ilipokuwa ya Afrika Mashariki nzima, iliridhia mkataba namba 87 mwaka 2000. Kenya, siku mkataba wake na Ulaya unaanza kutumika, ilikuwa imeridhia namba 98, wa haki ya majadiliano ya pamoja, tangu 1964. Namba 87 ilikuwa bado.

Maua ya Naivasha yanafika sokoni Uholanzi kwa ndege. Mchumaji wa maua hayo akifukuzwa kwa kujiunga na chama, chini ya mkataba ule wa kuianzisha kesi ni serikali, si yeye.